Na ya kutolea: makato ya kutuma tokeni na mpokeaji ambaye skripti yangu haikumjua

Shangazi yangu wa Muheza akipiga simu kuomba hela hasemi elfu hamsini, anasema "elfu hamsini na ya kutolea", na huwezi kujifanya hujasikia hiyo ya mwisho, maana ukimtumia elfu hamsini kavu atafika kwa wakala, atakatwa, atatoka na pungufu na duka la dawa halichukui pungufu. Tumekua hivyo. Tangu zile tozo za Julai 2021 ndo kabisa, mtu anaangalia jedwali la makato kwanza halafu ndo anaweka namba ya siri. Na jedwali lipo, limebandikwa ukutani kwa wakala, kuanzia kiasi hiki mpaka kiasi hiki makato ni haya, mpokeaji awe amesajili laini jana au miaka kumi iliyopita haibadilishi kitu.

Naanzia hapo kwasababu ndo kosa langu lilipoanzia, niliichukua akili ya jedwali nikaenda nayo kwenye tokeni, yaani hela za kidijitali zinazotumwa mtandaoni.

Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kikundi cha watu kumi na moja tunaogeuza sauti za Kiswahili kuwa maandishi kwa mteja wa nje, wengi wapo Dar na Mwanza, wawili Goma, na dada mmoja Bujumbura ambaye ndo kwanza alikuwa anaanza. Mteja analipa kwa USDT, tokeni moja sawa na dola moja, kwenye mtandao wa tokeni uitwao Tron. Mimi ndo nashika mambo ya kompyuta kwahiyo mzigo wote unaingia kwangu halafu nagawa, na kugawa kwa mkono anwani kumi na moja ndefu vile ni hatari, herufi moja tu ikikosewa umepoteza hela ya mtu, nikaona niandike skripti isome orodha na itume yenyewe.

Nikaijaribu kwanza. Nina waleti (pochi za kutunzia tokeni) mbili, zote zilikuwa na USDT kidogo, nikatuma dola moja kutoka ya kwanza kwenda ya pili, nikarudisha, nikatuma tena, na kila mara zinaungua kama TRX 27 na ushee (TRX ni hela ya Tron yenyewe, ndo inayolipia makato). Nikasema basi bei naijua. Kwenye skripti nikaandika fee_limit, yaani mwisho wa makato, ni TRX 30 kwa kila muamala, nikanunua TRX 450 ili nisibanwe, Ijumaa jioni nikabonyeza.

Saba zikaenda. Nne zikafeli, na zilizofeli zimeandikwa OUT_OF_ENERGY, yaani enaji imekwisha, na kila moja imeondoka na TRX 30 zangu. Nikadhani mtandao umesumbua, nikairusha tena kwa wale wanne. Zikafeli tena, 30 zingine kwa kila mmoja. TRX 240 zikawa zimeungua bila hata senti moja ya USDT kumfikia mtu, kwa bei ya wakati ule ni kama elfu sabini na kitu za Kitanzania, na dada wa Bujumbura akaniandikia "kaka, wenzangu wameshapata, mimi kuna kitu nimekosea?" Hapana, yeye hakukosea kitu. Ile meseji ilinikaa moyoni kuliko hizo TRX, kwasababu mtu kafanya kazi wiki tatu na malipo yake ya kwanza yanakwama kwa namba niliyoigandisha mimi kwenye skripti.

Fee_limit iko hivi, ni kama kumwambia dereva wa boda "mwisho wangu ni elfu tatu", ila huyu dereva hela ikiisha katikati ya njia anakushusha hapohapo, anakurudisha ulipotoka, na elfu tatu yako harudishi. Makato yanapimwa kwa enaji, ile kazi ambayo mtandao unafanya kuendesha muamala wako, na wakati ule uniti moja ya enaji ilikuwa inauzwa sun 420, na TRX moja ni sun milioni moja, kwahiyo TRX 30 zinanunua enaji 71,428. Kutuma USDT kwenye waleti yangu ya pili kulihitaji enaji kama 64,285, kwahiyo inapita. Kumtumia yule dada kulihitaji 130,285. Mara mbili! Mkataba uleule (programu ya USDT inayokaa kwenye mtandao), kiasi kilekile, mtumaji yuleyule.

Nilikaa na hizo namba mbili usiku ule mpaka nikazielewa. Ukizitoa unapata 66,000 kamili, na namba ikiwa kamili hivyo ujue kuna sababu mahali. Mkataba wa tokeni kwa ndani ni daftari tu, upande mmoja anwani upande mwingine salio. Anwani ambayo tayari ina salio, mkataba unafuta namba ya zamani na kuandika mpya kwenye mstari uleule. Anwani ambayo salio lake ni sifuri haina mstari, inabidi mstari ufunguliwe, na mashine ya Tron inatoza 20,000 kufungua mstari mpya na 5,000 kubadilisha uliopo, tofauti 15,000. Halafu Tron ina utaratibu wa kupandisha enaji kwa mikataba inayotumika sana, na mkataba wa USDT ulikuwa umefika kileleni, yaani juu ya gharama ya kawaida unaongezewa mara 3.4 nyingine, jumla mara 4.4. 15,000 mara 4.4 ni 66,000. Ndo hiyo.

Kwahiyo wale wanne hawakuwa na tatizo lolote zaidi ya kuwa hawakuwahi kuwa na USDT. Na mimi nilijaribu skripti yangu kwa waleti zangu mwenyewe ambazo zina salio tayari, jaribio ambalo lisingeweza kuniambia ukweli hata ningelirudia mara mia. Hili nawaambia vijana wote wanaoniuliza siku hizi, ukitaka kupima makato usijitumie mwenyewe, tengeneza anwani mpya kabisa ambayo haijawahi kushika hiyo tokeni na utume huko, maana mtu anayeingia kwa mara ya kwanza ndo anayegharimu zaidi na ndo huyohuyo ambaye hana wa kumuuliza kikikwama.

Nilipomaliza na Tron nikaenda kuangalia Ethereum, mtandao mwingine wa tokeni, nikakuta habari ni ileile kwa namba tofauti. Hapa tuingie ndani kidogo kwasababu inapendeza. Unamtumia mtu USDT 50. USDT ina desimali sita kwahiyo kwenye mkataba hiyo ni 50,000,000 (na tafadhali iwe namba nzima, BigInt, usipitishe hela ya mtu kwenye namba za nukta). Muamala wowote unaanza na gesi 21,000 (gesi ndo enaji ya huko). Halafu unalipia data unayobeba, ambayo ni baiti 68, nne za jina la kazi ya transfer, yaani amri ya kutuma, 32 za anwani na 32 za kiasi, na baiti ya sifuri ni gesi 4 wakati isiyo sifuri ni 16. Jina la kazi 64. Anwani ina sifuri kumi na mbili mbele halafu baiti ishirini, tuseme zote si sifuri, 368. Milioni hamsini kwa heksi (namba za kumi na sita) ni 02FAF080, baiti nne tu zenye kitu na 28 za sifuri, 176. Jumla 608. Yaani gesi 21,608 imeshaenda na mkataba bado haujafungua hata daftari. Kisha salio la mtumaji kusomwa na kuandikwa upya ni 5,000, na la mpokeaji ni 5,000 kama ana salio, au 22,100 kama hana. Zingine ni kazi ndogondogo za mkataba wenyewe. Ndomana ukiangalia miamala ya USDT kule Ethereum unaona namba mbili zinajirudia rudia, moja kwenye elfu 46 na nyingine kwenye elfu 63, na tofauti yake ni 17,100.

Sasa maktaba zote za kuandikia programu zinakupa estimateGas, amri ya kukadiria gesi, na watu wengi wanaishia hapo, wanaita, wanaongeza asilimia 20 ya tahadhari, wanatuma. Mimi pia nilifanya hivyo muda mrefu. Ila piga hesabu, umekadiria saa nne asubuhi mpokeaji ana salio, ukapata 46,109, ukaongeza asilimia 20 ikawa 55,330. Saa nne na dakika tano yeye kahamisha salio lake lote. Muamala wako sasa unataka 63,000 na kikomo chako ni 55,000, unafeli, na gesi yote imeliwa. Tofauti ya 17,100 juu ya 46,109 ni asilimia 37, kwahiyo hiyo ishirini ambayo kila mtu anaibandika haimlindi mtu kwenye hali hii hasa inayotokea kila siku. Kwa transfer ya kawaida ya tokeni mimi sasa naweka kikomo kana kwamba mpokeaji ni mpya siku zote. Gesi usiyotumia haikatwi, kwahiyo kikomo kikubwa hakimgharimu mtu kitu.

Na hapo ndo niliposhika jambo ambalo nalisimamia mpaka leo, kwamba kuna namba mbili na tunazichanganya. Kikomo ni namba ya mashine, kazi yake ni kuzuia usifeli, na kiwe kipana. Kadirio ni namba ya binadamu, kazi yake ni kumwambia mtu atakatwa ngapi, na liwe karibu na ukweli kadri inavyowezekana. Programu inayomuonyesha mtumiaji kikomo kama ndo makato inamtisha bure, anaona dola kumi anaahirisha kumtumia mama yake, kumbe angekatwa nne. Na inayotumia kadirio kama kikomo inamfelisha. Mimi nilifanya la pili.

Kwa upande wa Ethereum skripti yangu ina hii sehemu, naiweka hapa ilivyo:

```
const salio = await usdt.balanceOf(mpokeaji)
const mpya = salio === 0n
const kadirio = await usdt.transfer.estimateGas(mpokeaji, kiasi)
const kikomo = (mpya ? kadirio : kadirio + 17100n) * 115n / 100n
```

Hiyo usdt lazima iwe imeunganishwa na waleti halisi inayotuma. Ukikadiria kwa anwani yoyote tu uliyookota, nodi (kompyuta ya mtandao unayoiuliza) inajaribu kuuendesha muamala kweli kweli kwa kubahatisha kikomo juu na chini mpaka ipate kinachopita, na kama huyo mtumaji wako wa kubuni hana USDT hakuna kikomo kitakachopita, unarudishiwa kosa badala ya namba. Nimeona watu wanakamata hilo kosa kimya kimya na kurudisha namba ya kugandisha, 21,000 au 65,000. Msifanye hivyo jamani. Kosa la nodi hapo lina maana, linakuambia muamala wenyewe ungefeli.

Hiyo yote ni wingi wa gesi, bado bei ya gesi. Tangu 5 Agosti 2021, yale mabadiliko ya London, bei ina vipande viwili, ada ya msingi ambayo mtandao wenyewe unapanga na inachomwa, na bakshishi ya anayeunga bloku (fungu la miamala). Ada ya msingi inapanda au kushuka kwa asilimia 12.5 kwa bloku, haizidi hapo, na bloku inakuja kila sekunde 12. Hii ni zawadi kwa mtu wa kukadiria kwasababu unajua mwisho wa ubaya ni upi. Desturi ya kuweka maxFeePerGas, bei ya juu kabisa unayokubali kwa gesi moja, mara mbili ya ada ya msingi pamoja na bakshishi imetoka hapo, bloku sita zikijaa mfululizo ndo ada inavuka mara mbili, kwahiyo umejipa dakika moja na kidogo ya kusubiri bila kukwama. Na hapo tena kuna namba mbili. Ile ya mara mbili ni ya mashine. Mwonyeshe mtu ada ya sasa pamoja na bakshishi mara gesi inayotarajiwa, mathalani gesi 63,209 kwa gwei 20 ni ETH 0.00126 (ETH ni hela ya Ethereum, na moja ni gwei bilioni moja), halafu pembeni kwa maandishi madogo mwambie haitavuka kiasi gani. Usiku wa 30 Aprili 2022 walipouza viwanja vya kidijitali vya mchezo wa Otherside kuna watu walilipa maelfu ya dola kwa muamala mmoja, na waliokuwa wanatuma tu tokeni zao za kawaida dakika hizo walibebwa na mafuriko hayohayo. Makadirio ya saa moja kabla hayakuwa na maana yoyote. Kadirio linaoza haraka kuliko dagaa, ukiliweka kwenye akiba weka kwa sekunde.

Mitandao ya juu, iliyojengwa juu ya Ethereum, kama Base na Optimism ina kipande kingine, unalipia gesi ya hapo na unalipia data yako kupelekwa Ethereum, na estimateGas ya hapo haikuambii hicho cha pili, inabidi uulize ule mkataba wa GasPriceOracle kwa getL1Fee. Tangu mabadiliko ya Dencun ya 13 Machi 2024 hicho kipande kimekuwa kidogo sana ndo maana watu wanakisahau. Arbitrum, mtandao mwenzao, yenyewe inakichanganya humohumo kwenye namba ya gesi.

Solana, mtandao mwingine tena, nimeigusa kidogo, na huko habari ya mpokeaji mpya wameiweka wazi kabisa. Saini moja ni lamports 5,000 (SOL, hela ya huko, moja ni lamports bilioni moja), karibu bure. Ila mtu ambaye hajawahi kushika hiyo tokeni inabidi afunguliwe akaunti ya tokeni ya baiti 165, na dhamana yake ni SOL 0.00203928, yaani zaidi ya mara mia nne ya ada yenyewe. Anayetuma ndo analipa, na siku ile akaunti ikifungwa dhamana inarudi kwa mpokeaji. Usiigandishe hiyo namba pia, tokeni za mfumo mpya zina akaunti kubwa zaidi, muulize getMinimumBalanceForRentExemption.

Nirudi Bujumbura. Usiku ule nilikuwa nimebakiwa na TRX kumi na kitu, nikatafuta mtu wa kuniuzia zingine, nikapandisha fee_limit ikawa 100, wale wanne wakapata kwa kama TRX 55 kila mmoja. Asubuhi dada akaniandikia tena, ameiona USDT kwenye waleti ila haimtoki, akibonyeza kutuma inakataa. Hakuwa na TRX hata moja. Ya kutolea! Nilimtumia mshahara kavu. Na hapa pana ugumu ambao shangazi yangu hajawahi kuupata, kwenye simu ya kutolea inakatwa kwenye shilingi hizohizo, salio likiwepo na makato yapo, ila kule Tron una dola mia kwenye waleti na huwezi kuhamisha hata moja kwasababu makato yanadaiwa kwa hela nyingine ambayo huna. Nikamtumia TRX za kutosha, na siku hiyohiyo nikaongeza kwenye skripti sehemu inayoangalia salio la TRX la kila mpokeaji, na kama halitoshi kutuma mara moja inaniambia, nikaipa jina yaKutolea.

Mwezi wa pili nikajiona niko vizuri. Kwenye orodha yangu nilikuwa nimeweka alama kwa kila mtu, mpya ndiyo, mpya hapana, na kwasababu wote kumi na moja walishalipwa nikawaandikia wote hapana. Hesabu ikatoka TRX 27 na ushee mara kumi na moja, nikanunua 320. Nikabonyeza. Sita zikaenda, wa saba ikafeli na kuondoka na TRX zilizobaki.

Nilichokuwa sijafikiria ni kwamba watu wakilipwa wanatoa. Wanatoa yote, waleti ina kitufe cha kutuma salio lote na wanakibonyeza, mtu ana kodi ya nyumba na ada ya shule, atabakiza nini? Salio likirudi sifuri ule mstari kwenye daftari unafutwa, na mwezi unaofuata kwa mkataba yule mtu ni mgeni kabisa, unamlipia enaji 130,285 kana kwamba hajawahi kufika. Kati ya wale sita niliofanikiwa kuwatumia watano walikuwa wageni upya. Upya wa mtu si kitu cha kuandika kwenye orodha mara moja ukasahau, unauliza mkataba balanceOf, yaani salio lake, pale pale kabla ya kutuma, na enaji unaikadiria kwa triggerconstantcontract, jaribio lisilotuma kitu, ukiwa na mtumaji halisi, mpokeaji halisi na kiasi halisi. Bei ya enaji nayo unaiuliza kwenye getchainparameters, kwasababu ile sun 420 niliyokuwa naijua kwa kichwa ilishushwa 2024 ikawa 210 na Agosti 2025 ikawa 100, na aliyeigandisha anawaonyesha watu makato mara nne ya ukweli. Bandiwidi (nafasi ya kubebea data ya muamala) pia iulize, kila akaunti ina 600 za bure kwa siku na kutuma USDT mara moja kunakula kama 345, kwahiyo wa kwanza ni bure na wa pili unalipa TRX 0.345. Kidogo, ila kwenye orodha ya watu mia inaonekana.

Nikawaandikia wote kwenye grupu, nikawaeleza habari ya mstari na daftari, nikawaomba mkitoa bakizeni senti moja, USDT 0.01, na nafuu inayopatikana tutagawana kwenye malipo. Wengine walisahau. Mwezi wa tatu nikaendesha ile hatua ya kukadiria kabla ya kutuma, majina yakashuka kwenye skrini moja moja na namba zake, 130,285, 130,285, 64,285, na nilipofika kwa dada wa Bujumbura imeandikwa salio 0.01, mpya hapana, enaji 64,285, yaKutolea inatosha.